Mwili usiosumbuliwa husahau: baridi, joto, mwinuko na namna ya kujizoesha bila kujiumiza (UZI)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu. Mwenye haraka aupitie akipata nafasi.

Naanza na wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wanaoitwa haenyeo. Kazi yao ni kupiga mbizi baharini bila mtungi wa hewa, wakikusanya mwani na konokono wa baharini. Hadi miaka ya 1970 walizama wakiwa na nguo ya pamba tu, hata majira ya baridi maji yakishuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi. Watafiti waliowapima walishangaa. Baridi ilipoingia, miili yao ilichoma nishati nyingi zaidi hata wakiwa wamepumzika, na ilichukua maji baridi zaidi kuwafanya watetemeke kuliko wanawake wenzao wasiopiga mbizi. Mwaka 1977 wakaanza kuvaa suti za mpira. Watafiti waliendelea kuwapima, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 uwezo ule ulikuwa umekwisha. Kazi ileile, bahari ileile, ila ngozi haikuwa inaguswa tena na baridi.

Sisemi suti zilikuwa kosa. Ziliwaondolea mateso na kuwapa muda mrefu majini. Ninachokiona hapo ni kwamba mwili hautunzi uwezo usioutumia. Unaufungia kama chumba kisicho na mpangaji.

Mimi nilifungiwa vyumba vingi. Kwa miaka 11 nilitoka kwenye kiyoyozi cha chumbani, nikaingia kwenye kiyoyozi cha gari, nikamalizia kwenye kiyoyozi cha ofisini. Siku moja gari liliharibika, nikapanda kilima kifupi kwa miguu, jua la saa saba. Nilikaa chini mara mbili. Mara ya pili mzee aliyebeba mzigo alisimama kuniuliza kama naumwa. Nilikwenda kupima, majibu yote yakawa safi. Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, maana sikuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Nilikuwa mzima, ila mzima wa ndani ya nyumba.

Nikaanza kusoma. Wataalamu wana neno, homesisi: kitu ambacho kwa dozi kubwa kinadhuru, kwa dozi ndogo kinauamsha mwili ujijenge. Anayeotesha miche analijua jambo hili bila neno hilo. Mche uliolelewa kivulini na kumwagiliwa kila siku ukiupeleka shambani moja kwa moja, unakufa. Lazima ukomazwe kwanza: unapunguziwa maji, kivuli kinaondolewa kidogokidogo, upepo unautikisa. Mmea unaotikiswa huwa mfupi, shina likawa nene.

Ndani ya seli nako kuna kisa kizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa anachunguza chembe za nzi wadogo wa matunda. Mtu akapandisha joto la kabati lao bila kukusudia. Ritossa alipotazama kwenye hadubini akaona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, yaani jeni zilizokuwa zimelala zimeamka. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1962. Baadaye ikajulikana kwamba jeni zile hutengeneza protini za kuzikunja upya protini nyingine zilizoharibiwa na joto. Sisi pia tunazo. Ni kikosi cha matengenezo ambacho hakiitwi kazini mpaka kuwe na tishio.

Tishio lenyewe ndilo ujumbe, na ukiuzima ujumbe, unazima na majibu. Mwaka 2009 mtafiti Michael Ristow na wenzake walichapisha jaribio la watu waliofanya mazoezi kwa wiki 4. Baadhi walipewa vidonge vya vitamini C na E kwa dozi kubwa, wengine hawakupewa. Wasiopewa, miili yao iliitikia insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) vizuri zaidi. Waliopewa hawakupata faida hiyo. Vidonge vilizima "moshi" wa mazoezi, yaani kemikali kali zinazotokea mwili ukichoma oksijeni, ambao mwili ulihitaji kuunusa ndipo ujue kuna kazi.

Sasa baridi, maana ndiyo niliyoishi nayo kwa muda mrefu.

Ukimwagiwa maji ya baridi kali, kitu cha kwanza ni kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha kuhema haraka, moyo ukidunda na presha ikipanda. Hiyo ni dakika ya kwanza hadi ya tatu, na katika maji ya wazi ndiyo inayoua watu mapema, kwa sababu pumzi ile ya ghafla ikikukuta uso ukiwa chini ya maji unavuta maji. Mtafiti wa Kanada Gordon Giesbrecht hufundisha kwa namba 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 za mikono na miguu kukutii, kama saa 1 kabla baridi haijakuondolea fahamu. Namba hizo ni za mtu aliyetumbukia kwenye maji ya barafu, lakini zinasaidia kujua kipi kinakuja kwanza.

Habari njema ni kwamba mshtuko huo unazoeleka haraka. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na wenzake wameonyesha kuwa kuingia kwenye maji baridi mara 5 au 6, dakika chache kila mara, kunaweza kupunguza mshtuko huo kwa karibu nusu, na sehemu ya mazoea hayo hubaki kwa miezi mingi.

Nilianzia bafuni. Naoga maji ya uvuguvugu kama kawaida, mwishoni nafungua ya baridi: miguu, mikono, kisha mgongo, sekunde 15. Wiki ya kwanza nilipiga kelele. Wiki ya tatu nilikuwa napumua kwa utulivu, na siwezi kueleza vizuri furaha ya siku ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mwili wangu ulikuwa umejifunza kitu kipya. Sasa nafika sekunde 60. Huhitaji zaidi. Uholanzi walifanya jaribio la watu 3,018, matokeo yakatoka mwaka 2016. Waliomalizia kuoga kwa maji baridi kwa siku 30 walikosa kazini kwa ugonjwa kwa asilimia 29 pungufu, na wa sekunde 30 hawakupishana na wa sekunde 90. Lakini msisome haraka: idadi ya siku za kujisikia mgonjwa haikupungua. Waliugua kama wengine, ila walisimama na kwenda kazini. Kwangu mimi huo nao ni ustahimilivu.

Niseme na kosa langu. Mwezi wa saba nilijiona fundi. Nikaenda ziwani, maji nyuzi 9, nikakaa dakika 12. Nilitoka nikiwa mwekundu na mwenye furaha, nikasimama kupiga soga na kaptula iliyolowa. Baada ya dakika kama 10 nilianza kutetemeka kwa namna ambayo sikuwahi kuijua. Vidole vikashindwa kufunga kamba za viatu, maneno yakawa mazito mdomoni. Mke wangu ndiye aliyenivua, akanifuta, akanivisha kama mtoto. Nilikuwa sijui kwamba joto la ndani huendelea kushuka hata baada ya kutoka majini, kwa sababu baridi iliyojaa kwenye nyama za nje inaendelea kuingia ndani. Tangu siku hiyo nikitoka najifuta kwanza, navaa kuanzia kifuani na kichwani, nakunywa kitu cha moto, naketi. Soga baadaye. Na siingii kwenye maji ya moto papo hapo, maana mishipa ikifunguka ghafla presha inaweza kushuka ukaanguka.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaopinga.

#2 – Mchangiaji

Uzi umeshiba mkuu. Mimi nanyanyua vyuma. Kila nikimaliza nazama kwenye pipa la barafu dakika 10 kwa sababu nimeona wanamichezo wakubwa wanafanya. Unasemaje?

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, kama lengo lako ni kujenga misuli, acha kuzama mara tu baada ya vyuma. Mwaka 2015 kulitoka utafiti wa wiki 12: wanaume waliozama dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya mazoezi ya nguvu waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wale waliopoza mwili kwa baiskeli nyepesi. Ni lile la vitamini tena. Misuli iliyochanika kidogo inaita mafundi, wewe unawafungia mlango. Wanamichezo unaowaona mara nyingi wana mechi nyingine kesho, wanahitaji kupunguza maumivu, hawajengi msimu huo. Hamishia baridi asubuhi, au siku usiyonyanyua.

#4 – Mchangiaji

Nipingane kidogo. Binadamu alijenga nyumba na kufuma blanketi kwa sababu baridi na jua vinaua. Leo mtu aliyeshiba anatafuta mateso makusudi halafu anayaita afya. Mimi ni fundi ujenzi, mwaka wa tisa huu niko juani kutwa. Kama joto linajenga mwili, mbona mimi nachakaa? Nikirudi nyumbani kichwa kinagonga, mkojo rangi ya chai, usiku chumba kinachemka sipati usingizi. Nieleze hapo.

#5 – Mleta uzi

Kaka, swali lako limenikalisha. Nilitakiwa kulijibu kwenye #1, nikaandika kurasa nzima za bafuni badala yake.

Mwanasayansi Hans Selye alichapisha mwaka 1936 majaribio yake kwa panya, na baadaye akaieleza safari ya mwili chini ya msongo kwa hatua tatu: kushtuka, kustahimili, kisha kuchoka kabisa. Msongo uleule, usipokatika, unakutoa hatua ya pili na kukutupa ya tatu. Mimi nina sekunde 60 za baridi na saa 23 na dakika 59 za kurekebisha. Wewe una saa nyingi za joto, usiku wa joto, kisha asubuhi tena. Hukupewa nusu ya pili ya dawa. Kujijenga kunafanyika kwenye mapumziko, na wewe ndiyo uliyonyimwa.

Amerika ya Kati kuna ushahidi wa kuhuzunisha. Wakata miwa wa El Salvador na Nikaragua, vijana wasio na kisukari wala presha, wameugua na kufa kwa ugonjwa sugu wa figo kwa maelfu. Watafiti wanaendelea kubishana kuhusu visababishi vyote, lakini kazi nzito kwenye joto kali bila maji na mapumziko ya kutosha imetajwa mstari wa mbele. Wale walizoea joto kuliko mtu yeyote humu ndani. Kuzoea hakukuwaokoa.

Mwili ukikutana na joto kila siku kwa siku 7 hadi 14, maji ya damu yanaongezeka, moyo unadunda taratibu kwa kazi ileile, jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi na chumvi yake inapungua. Tazama hapo kwenye jasho, kaka. Watu hudhani aliyezoea jua anahitaji maji kidogo. Ni kinyume chake: aliyezoea anatoa jasho zaidi, kwa hiyo anahitaji maji zaidi. Mkojo wa rangi ya chai ni figo zinakuomba. Mwongozo wa kawaida wa usalama kazini ni kikombe kimoja, kama mililita 240, kila dakika 15 hadi 20, usisubiri kiu. Na ukiendelea kuuona hivyo hata siku uliyokunywa vizuri, nenda ukapime figo, usiache.

Lingine ni wageni kazini. Vifo vingi vya joto huwapata watu walio kwenye siku zao za mwanzo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri mfanyakazi mpya afanye asilimia 20 tu ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Na aliyetoka likizo ya wiki kadhaa naye aanze pole, kwa sababu mazoea yale yanapotea ndani ya wiki chache.

Akianguka mtu, kipimo kimoja cha kukumbuka: akili. Aliyechoka na joto bado anakujibu vizuri. Akianza kuongea ovyo, kuchanganyikiwa au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, ndani ameshapita nyuzi 40. Piga simu ya dharura na mpoze hapohapo kwa maji mengi ya baridi mwili mzima. Usisubiri gari ndipo uanze.

Kuhusu aliyeshiba kutafuta mateso: umesema kweli. Mimi ninachagua na ninaweza kutoka. Uhuru huo wa kutoka ni sehemu ya kipimo, na nakiri uzi wangu uliusahau.

#6 – Mchangiaji

Mimi ni muuguzi. Naongezea mambo ambayo nyuzi za namna hii huyaruka.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kifafa na mjamzito wasianze haya kabla ya kuongea na daktari wao. Dawa nazo zinabadilisha hesabu. Za kukojoza zinapunguza maji mwilini, baadhi za presha zinazuia moyo kuongeza kasi pale joto linapoutaka uongeze.

Pili, uso. Baridi ya ngozi inauambia moyo ukimbie. Uso ukizama na pumzi ikazuiwa, moyo unaambiwa upunguze. Amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja zinaweza kuvuruga mapigo hata kwa mtu anayejiona mzima. Ingia taratibu, usijirushe.

Tatu, na hili naliandika kwa uchungu: zile pumzi za haraka zinazofundishwa pamoja na baridi zisifanyike majini wala karibu na maji. Kuhema sana kunafukuza kabonidioksidi, na hiyo ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Unazimia bila onyo, na majini kuzimia ni kuzama. Fanya ukiwa umekaa chini, nchi kavu.

#7 – Mchangiaji

Nina mtoto wa miaka 6. Anashinda ndani, mafua hayamwishi, na macho yameanza kuona mbali kwa shida. Haya ya baridi na joto yanamhusu?

#8 – Mleta uzi

Dada wa #7, mtoto usimwagie maji baridi. Yeye anahitaji nje, basi.

Kwa macho kuna jaribio zuri la Guangzhou, China. Shule 12, watoto wa darasa la kwanza, nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, asilimia 39.5 ya wale wa ratiba ya kawaida walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, kwa walioongezewa ilikuwa asilimia 30.4. Inaaminika mwanga ndio unaofanya kazi. Ndani ya chumba chenye taa tunapata lux (kipimo cha mwanga) mia chache, nje hata mbingu zikiwa na mawingu ni maelfu. Macho yetu hayaioni tofauti hiyo kwa sababu yanajirekebisha, lakini jicho la mtoto linalokua linaijua. Aliyekwishaanza kuona kwa shida apimwe na apewe miwani, nje pekee haitamrudisha.

Kwa kinga, watafiti wa Ufini walitandika udongo na majani ya msituni kwenye viwanja vya watoto wadogo, wakawaacha wacheze siku 28. Vijidudu vya aina mbalimbali kwenye ngozi zao viliongezeka, na damu ikaonyesha dalili za kinga iliyotulia zaidi. Jaribio lilikuwa dogo na halikupima mafua, kwa hiyo siwezi kukuahidi yataisha. Ila uchafu wa bustani ni mwalimu wa kinga. Anawe kabla ya kula, na jua kali umvalishe kofia.

#9 – Mchangiaji

Mimi nataka kupanda mlima mrefu mwezi ujao. Kuoga maji baridi kutanisaidia kwa hewa nyembamba?

#10 – Mleta uzi

Hapana mkuu, kila msongo una lugha yake. Kwa hewa nyembamba seli zina kipimo chao cha oksijeni. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobeli mwaka 2019 kwa kukifafanua. Oksijeni ikipungua, figo zinatoa homoni ya kuagiza seli nyekundu za damu zaidi, na agizo hilo linachukua wiki kadhaa kutimia. Usilikimbize. Ukipita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne lala palepale. Kichwa kikiuma na kichefuchefu, usipande. Ukiyumba au ukikosa pumzi umekaa, shuka, hata kama ni usiku.

#11 – Mchangiaji (fundi wa #4)

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilikwenda kupima, figo ziko sawa kwa sasa, nimeambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Nimehamisha kazi za zege alfajiri, saa sita tunakaa kivulini hadi saa tisa. Ndoo ya maji iko karibu na ngazi, kikombe kimefungwa kamba ili kisiondoke. Bosi alinung'unika, akaja kuona kuta zinapanda kwa kasi ileile.

Jumatatu tulipokea kijana mpya, alitaka kubeba tofali sawa na sisi ili asionekane dhaifu. Nikamwambia saa moja na nusu zinatosha, akachanganye rangi kivulini. Alikasirika. Leo ni siku yake ya nne, amebeba hadi saa tano, jasho lilianza kumtoka kabla hajafika ngazi ya pili. Kesho nampa siku nzima.